Kiti Kimoja cha Kamati ya Msitu

Mdogo wangu ni mrina asali. Alianza kukwea miti kabla meno ya utotoni hayajamng'oka, na mpaka leo mali yake ni kamba, panga na makovu ya nyuki. Mimi kamba niliitupa mapema. Nilikwenda sokoni kuuza asali ya wenzangu, nikafungua duka. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba sisi wenyeji wa msitu tutapewa kiti kimoja kwenye kamati ya kuusimamia, nilijua ni changu. Nikanunua koti.

"Nani mwingine atabishana na watu wa ofisi?" nilimwuliza mke wangu.

"Mdogo wako."

"Yule? Hata bei ya ndoo ya asali haijui!"

"Kwani wanagawa ndoo, baba watoto?"

Kabla ya kuchagua, ilibidi mipaka ichorwe. Tulikusanyika darasani, ofisa misitu akatandaza ramani mezani, akauliza eneo letu linaishia wapi. Nikawahi kusimama. Nilifanya kama sokoni: unaanzia juu, kisha mnashuka pamoja.

"Mpaka mtoni," nikasema, "na ng'ambo yake, hadi kilele cha kilima."

Nikangoja acheke, aseme, "Punguza, mzee." Hakucheka. Aliandika, tena kwa wino.

Majirani zetu wa ng'ambo waliruka, viti vikaanguka. "Kilimani kuna mizinga yetu!"

Ofisa akafunika kalamu. "Mkigombana, ramani hii siipeleki popote. Eneo lote litabaki mikononi mwa serikali."

Chumba kizima kikanigeukia. Koti likaanza kunibana.

Ndipo mdogo wangu akasimama, matope miguuni. Akataja miti ya mizinga mmoja baada ya mwingine, na nani aliurithi kwa nani, tangu barabarani. Hakusita hata mara moja. Alipofika mtoni akanyamaza.

"Endelea," ofisa akasema.

"Nimemaliza. Ng'ambo si kwetu. Kaka alikuwa anatania."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na hasira ikaishia hapo. Ofisa akakata alichoandika, akachora upya. Aliyelitaja jina la mdogo wangu kwa ajili ya kiti ni mzee mmoja wa hao hao wa ng'ambo. Mikono ilipoinuka, wa mke wangu ulikuwa wa kwanza.

Sijifichi: wivu ulinikaba. Bado umenikaba. Kila Jumanne gari la ofisi linamfuata mlangoni. Wakata mbao waliotaka bonde la chemchemi amewarudisha walikotoka, bila kupandisha sauti. Yeye wanamwita mheshimiwa. Mimi wananiita Bwana Ng'ambo, hata wateja wangu.

Wiki iliyopita nilihitaji kibali cha kutundika mizinga. Vibali anaandika yeye. Nikaenda, nikakaa kwenye benchi na wengine, zamu yangu ikafika.

"Shikamoo, kaka. Mingapi?"

"Marahaba. Ishirini."

Aliniangalia kama anavyouangalia mti kabla ya kuupanda.

"Mingapi kweli?"

"Ishirini, nimesema."

Akainamia karatasi, akaandika nane, akagonga mhuri.

Nilikuwa nahitaji nane. Nilitoka na nilichokifuata, lakini katika miaka yangu yote ya sokoni sijawahi kupigwa namna ile.