Bwawa la Chumvi la Gando

Magoti yangu ndiyo yaliyotuletea bwawa. Daktari wa Chake Chake aliniambia nifanye mazoezi ndani ya maji, nami nikamwitikia inshallah huku nikijua kuwa siendi baharini. Maji yakipwa, pwani ya Gando hujaa wanawake wanaochokoa pweza na wavuvi wanaotengeneza nyavu. Nani angetaka aonekane, mtu mzima, dera limemganda mwilini? Wala si hilo tu. Mimi ni mtoto wa kisiwani na nilikuwa sijui kuogelea. Hata mume wangu, niliyekaa naye miaka mingi Maskati kabla hatujarudi Gando, sikuwahi kumwambia.

Tuliporudi kutoka kwa daktari, mume wangu akachimba bwawa dogo uani, nyuma ya ukuta. Fundi akaja kutoka Unguja kutuuliza tunataka la klorini au la chumvi. La klorini tutalitia dawa wenyewe kwa mkono, tutapima maji kila mara, na harufu tutaizoea. La chumvi lina mtambo wa umeme unaoigeuza chumvi kuwa klorini kidogo kidogo. Maji yake ni laini, macho hayawashi, ila umeme ukikatika mtambo nao hulala, na chumvi hula vyuma.

"Klorini," alisema mume wangu. "Umeme wetu si unaujua?"

"Ngozi yangu haitaiweza," nikasema. "Tutie chumvi."

Ngozi yangu ilikuwa haina neno. Nilichoogopa ni harufu. Nilijiona nimekaa jamvini kwenye hitima, na mwanamke wa ubavuni ananusa na kujua nimetoka kufanya nini.

Akakubali. Wifi yangu ndiye aliyetangaza. Tulikuwa harusini, tunachambua mchele, aliposema, "Bahari i hapo chini, na wifi yangu ananunua chumvi kwa magunia atie majini!" Wanawake wakacheka mpaka wakaegemeana. Nami nikacheka, uso unaniwaka, kisha nikasingizia kwenda kutazama moto.

Masika yale umeme ulikatika mfululizo, na maji yakawa kijani kama mchicha uliopondwa. Mume wangu akanunua klorini akaitia. Hakunisimanga, na kule kutosimangwa kuliniuma zaidi. Siku chache baadaye, kwenye hitima, jirani yangu akaniinamia, akanusa.

"Leo umefua mashuka meupe, Bi?"

"Ndiyo," nikamjibu, juzuu i mkononi. "Nina mgeni."

Mgeni kweli akaja, kabla ya wiki kwisha: mama yangu, kutoka Makoongwe. Kisiwani huko ndiko nilikozaliwa, lakini nilipoanza kung'oka meno ya utotoni alinipeleka Wete kwa shangazi ili nisome, na nikakulia huko. Mama alilizunguka bwawa, akachovya kidole, akalamba.

"Chumvi gani hii? Haitoshi hata mchuzi."

Akakaza kanga kifuani, akashuka ngazi, akaogelea. Aliogelea polepole, kichwa juu, bila kurusha maji, mpaka ukuta wa pili. Mimi nilisimama kwenye ngazi ya kwanza, nimeshika bomba la ngazi.

"Njoo, mwanangu."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Sijui kuogelea, mama."

Nilingoja acheke. Akainamisha macho.

"Miye nilikutoa kwangu kabla sijakufunza," alisema. "Watu wakiniuliza, husema wanangu wote wanajua maji. Sijapata kusema kuwa mmoja hajui."

Nikashuka. Akanitia mkono chini ya mgongo, akaniambia nilale. Nikalala, nikazama, nikayanywa maji, nikamng'ang'ania shingoni huku nikikohoa mpaka machozi yakanitoka. Mume wangu alisikia, akatoka mbio barazani.

"Kuna nini?"

Mama alitaka kunijibia. Nikamtangulia.

"Sijui kuogelea," nikasema, nimeutazama ukuta. "Sikuwahi kujua."

Mume wangu akavuta kiti, akatugeuzia mgongo, akakaa. "Endeleeni," alisema. "Mimi nipo hapa hapa."

Mama akaurudisha mkono wake chini ya mgongo wangu.