Kituo cha Saba kwa Guu

La, kile cha saba mkono wangu haukufika. Nalikisukuma kwa guu! Cheka, mwanangu, cheka, lakini sauti ilitoka.

Tarumbeta lenyewe, lile la kuvuta mrija, lilikuwa la beni, wale wapigaji wa arusini. Mkubwa wao alimwazima kaka yangu: ajue vituo vyote saba vya kuvutia mrija kabla ya arusi ya mtaa wa pili, akishindwa apawe mwengine. Kaka, mbiombio! Ashajiona yuko mbele ya watu, kofia upande.

Sasa kaka ni seremala wa milango. Katoa kijiti chake cha kupimia, kaugawa mrija sawasawa kama achora nakshi, katia alama kwa wanja wangu. "Seremala hakosi kipimo, we mtoto." Sauti nzito, kama kameza tonge la moto. Kapuliza. Nyanya yetu akapiga kelele kutoka juu: "Mfungueni huyo punda, ana kiu!"

Mimi nalikuwa mwari, nimewekwa ndani, kazi yangu kushona kofia. Kaka akitoka kwenda kazini, tarumbeta nalichukua mimi. Masikio yakanambia: vituo havilingani! Kila ukienda mbele hatua yazidi kidogo. Nikafuta wanja kwa mate, nikatia upya. Cha kwanza, cha pili, cha tatu... cha sita hoi, cha saba nalala chali, naukamata mrija kwa vidole vya guu. Nikiipata sauti nacheka hata pumzi zaniishia. Nyanya naye, kinywa hakina jino: "Ludia hiyo, mwali wangu, ludia!"

Jioni namfunza kaka. "Rudi nyuma kidogo, si mlango huo!" Hataki. Kafuta alama zangu, karudisha zake.

Siku ya kutahiniwa, mkubwa wa beni alifika mapema, akaketi dakani hapo mlangoni. Mimi ndani sina habari, natoa sauti saba zote, guu hewani. Yeye asikiza, atikisa kitwa, amsifu kaka, adhani ndiye apulizaye. Mara kaka mwenyewe huyo, atokea ndiani na msumeno begani!

Mkubwa husemea puani: "Eeeh! Wewe uko hapa. Ndani yuko nani?"

Nyanya kutoka dirishani: "Mjukuu wangu! Na guu lake!"

Kaka akaletewa tarumbeta, akapuliza kwa vipimo vyake vya mlango. Wapita ndia wakajishika mbavu. Mkubwa hakucheka. Akanyosha mkono.

"Ajuaye hatoki nde, na atokaye hajui. Lete tarumbeta langu."