Rangi nyekundu ilivyotoka kwenye chemchemi yetu siku ya Ijumaa, foleni nzima ikiwa pale

Wakuu, salaam kutoka vilima vya Marani, Kisii. Chai ipo, ndizi zipo, network inakuja inapojisikia.

Hiki kisa ni changu mimi mwenyewe. Majirani zangu wawili watatu wamo humu jukwaani, kwa hiyo nikiongeza chumvi wataniumbua.

Kwa wasionijua, mimi ni binti, nasomea jiolojia ya maji, yaani jinsi maji yanavyotembea chini ya ardhi. Tata, ndivyo tunavyomwita baba huku kwetu, huwaambia watu kwamba nasomea mawe. Nimeshazoea.

Twende kwenye mada.

Kwetu ni mteremko. Juu kuna boma letu na chai. Chini kabisa kuna chemchemi yenye bomba, na kijiji kizima kinachota hapo. Hatua chache juu ya chemchemi anaishi Mama Nyaboke, mjane anayeuza ndizi mbivu sokoni Marani.

Watoto wakaanza kuharisha. Baadaye ikaja typhoid, watu wakalazwa.

Kila mtu akainua macho juu ya chemchemi, akaona choo cha shimo cha Mama Nyaboke. Cha zamani, kimeinama, mlango wa gunia. Kesi ikaishia hapo.

Wateja wakazikimbia ndizi zake. Kwenye foleni ya maji wanawake wakamnyima salamu. Naibu chifu akaitisha baraza, na aliyeongea kwa ukali kuliko wote alikuwa Tata. Ni mzee wa kanisa, akisimama watu hunyamaza. Ikaamuliwa choo kifukiwe na mama ahame pale.

Ahamie wapi? Shamba lake ni kipande chembamba kama mkanda. Ingebidi arudi kwa kaka zake Nyamira, na kaburi la mumewe liko hapa. Wenye mama wajane mnaelewa.

Nikaomba baraza lisubiri nipime kwanza. Tata alifurahi kuliko wote, maana alijua elimu aliyoilipia itamuunga mkono.

Nikapima mwinuko wa ardhi, nikachukua sample za udongo, nikaingiza kwenye software na kutengeneza model. Laptop ikakoroma weee. Mwishowe picha ikatoka: mishale yote inatoka kwa Mama Nyaboke inaingia kwenye chemchemi. Safi kabisa. Tata akataka niiprinti kwa rangi aipeleke barazani.

Hapa niwaibie siri. Model inakujibu kulingana na ulichoiambia. Mimi nilikuwa nimeiambia kwamba ardhi yetu ni ileile kutoka juu mpaka chini, kama ugali. Hakuna mtu aliyewahi kuingia humo ndani akaangalia.

Nikamtumia supervisor wangu wa chuoni. Mama mkali yule, hana salamu ndefu. Akanijibu: "Huo ni umbea uliochorwa vizuri. Nenda ukaujaribu."

Jaribio lenyewe ni rahisi. Unamwaga rangi kwenye choo unachoshuku, unaisukuma na maji mengi, halafu unakaa kwenye chemchemi kusubiri. Akaniamuru nimwage na rangi nyingine kwenye choo ambacho model inasema hakiwezi kufika, ili niwe na cha kulinganisha.

Nikachagua choo chetu. Kiko mbali juu, na sikuhitaji ruhusa ya mtu.

Hiki choo chetu kina historia. Wakwe zangu watarajiwa walipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, Tata alisema hawezi kuaibishwa. Huku kwetu mgeni akirudi kwao husimulia choo kabla ya kuku. Basi likachimbwa shimo refu balaa. Wachimbaji wakalalamika wamegonga mwamba, Tata akasema endeleeni. Kikawekwa tiles na mlango wa kufuli. Watu walikuwa wanakuja kukitazama tu!

Kwa Mama Nyaboke nilienda mwenyewe kuomba ruhusa. Nilimkuta anapanga ndizi ambazo hakuna wa kuzinunua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwaga, mwanangu. Lakini ikitoka ya kwangu, njoo uniambie wewe. Usimtume mtu."

Nikamwahidi nitakuja mwenyewe.

Afisa wa afya akakutana na wanakijiji, akawaeleza kwamba rangi haina madhara, akanywa kikombe kizima mbele yao. Wakaambiwa wazi: ikitoka kijani, ni kwa Mama Nyaboke. Nyekundu, ni kwa Tata. Watu wakacheka hapo kwa nyekundu.

Nikamwaga. Nikasubiri.

Ijumaa ikafika. Wengi wetu ni Wasabato, na maji ya Sabato huchotwa Ijumaa kabla jua halijazama. Kwa hiyo jioni hiyo foleni ilikuwa imepinda mpaka njiani, mitungi ya kila rangi, na mimi nimechuchumaa kando na vichupa vyangu.

Mama mmoja akainua mtungi wake, akachungulia, akauachia ukaanguka.

Maji yalikuwa mekundu.

"Misri! Misri imekuja!" bibi mmoja akapiga kelele, akikumbuka maji ya Farao yalivyogeuka damu, na wengine wakaanza kuomba palepale. Leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Hakuna aliyeniuliza maana yake. Walishaambiwa. Waligeuka tu wakanitazama. Mama Nyaboke alikuwa mwisho kabisa wa foleni, mahali alipokuwa amezoea kusimama siku hizo ili asikutane na macho ya watu.

Mtu akakimbia kumwita Tata. Akashuka na gambuti zake za shambani, akakinga maji kwa kiganja, akayatazama. Aliongea Kigusii, nawaandikia Kiswahili.

"Kemunto, nyekundu ni ya wapi?"

"Ya kwetu, Tata."

"Si kompyuta ilisema ni kwake?"

"Ilisema. Ilikosea."

"Na hii nayo, haiwezi kuwa imekosea?"

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Ningeweza kusema ngoja nirudie jaribio. Lingekuwa jibu la kisomi kabisa, na baba yangu angeondoka pale na heshima yake. Lakini Mama Nyaboke alikuwa ananitazama.

"Hapana, Tata. Mwamba una ufa, na shimo letu limeufikia. Maji yanashuka moja kwa moja. Shimo lake ni fupi, liko kwenye udongo wa mfinyanzi, uchafu unashikwa pale."

Akavua kofia. Akatembea kando ya foleni mpaka mwisho.

"Mama Nyaboke, nilikuharibia jina mbele ya watu hawa. Nalirudisha mbele yao hao hao. Nisamehe."

Mama akamwonyesha mtungi wake. "Nimesikia, mzee. Sasa jua linazama na mtungi wangu hauna kitu."

Tata akauchukua ule mtungi, akapanda nao kilima, akaujaza kwenye tangi letu la maji ya mvua, akashuka nao begani. Mwanaume, mzee wa kanisa, anabeba maji ya mjane mbele ya foleni nzima. Sijawahi kujivunia baba yangu kama jioni ile, na nililia bila kujificha.

Choo cha tiles kikafungwa kwa kufuli lake. Kijani haikutoka kamwe. Chemchemi ikasafishwa, watoto wakapona, na ndizi zikaanza kuisha sokoni kabla ya saa sita.

Ila sasa sisi tukawa hatuna choo. Kuchimba kingine ilibidi nitafute kwanza sehemu isiyo na ufa, mvua nayo haikutupa nafasi. Mama Nyaboke akatuma neno kwamba chake kiko wazi. Kwa hiyo kila asubuhi Tata alishuka kilima na tishu mfukoni, anabisha hodi, anasalimia. Alimtengenezea mlango wa mbao.

Katikati ya hali hiyo wakwe wakaja na mahari. Mama Nyaboke alialikwa, akakaa meza moja na shangazi zangu. Baada ya chakula, mzee wa upande wa pili, suti safi, akamnong'oneza Tata kwamba anataka kujisaidia. Tata akamshika mkono wakateremka mpaka kwa Mama Nyaboke.

"Mzee mwenzangu," mgeni akauliza, anahema, "mbona choo chenu kiko mbali hivi?"

"Hiki ndicho kisafi kuliko vyote hapa," Tata akamjibu. "Binti yangu alikipima."

Namshukuru supervisor kwa ukali wake. Namshukuru Mama Nyaboke kwa kuniruhusu, wakati alikuwa na kila sababu ya kunifukuza. Na Tata, ambaye hajui nimeandika hapa.

Nilichojifunza: picha ya kwenye laptop ni dhana tu mpaka uende ukaipake matope.

Uwanja ni wenu, wakuu, semeni chochote. Na wewe mwenye model nzuri ambayo hujaipeleka shambani, unasubiri nani ahamishwe kwanza?