Pikapu Ilipozima Mlangoni kwa Jirani

Wiki iliyopita nilimgombeza fundi wa watu mpaka sauti ikanikauka, na sijutii. Pikapu yangu, hii ninayobebea mananasi na mihogo kupeleka sokoni, ilianza kukosa nguvu. Unakanyaga mafuta, inaguna, haiendi. Kilima cha kitoto tu inapanda kwa kuomba radhi. Nikaipeleka gereji pale Zinga. Fundi akachomeka ile mashine yao ya kusoma gari, akatazama kioo, akajikuna kidevu, akasema haoni kosa lolote. Kisha akanisogelea, mtu mzima na ndevu zake, akateremsha sauti: "Mama, hii huenda kuna mtu amekutupia jicho. Hebu fikiria, una jirani wa karibu?"

Una jirani wa karibu! Toba ya Rabi! Nilimwambia ashuke chini ya gari alale chali atafute, na akishindwa aseme ameshindwa, asiniletee jirani wa mtu kwenye mambo ya injini. Watu wakatoka madukani kuja kutazama mwanamke anayepiga kelele gereji. Akatafuta. Ikaonekana ni hozi, ule mpira wa kupitishia hewa, imechanika upande wa chini usioonekana mpaka upeleke mkono. Akaibadilisha, gari likaenda vizuri. Lakini mimi nilifika nyumbani bado nina hasira, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasikia nikiwa mtoto, na mtu aliyetajwa nilikuwa nampenda.

Ngoja nikusimulie, maana wewe nakuona mtu wa kuelewa.

Sisi ni watu wa Kaole. Baba alikuwa na pikapu ya petroli, ya samawati iliyobabuka mpaka huwezi kujua wapi ni rangi na wapi ni kutu. Shamba letu lilikuwa Makurunge. Siku za mavuno tulitoka baada ya sala ya alfajiri, tunapita mjini baba anajaza mafuta, halafu moja kwa moja shambani. Jioni tunarudi, sisi watoto tumekaa nyuma juu ya magunia ya mihogo, mananasi yananukia mpaka yanakera, vumbi limetupaka nyusi. Kazi yetu kesho yake ilikuwa kuliosha gari kwa makumbi ya nazi na sabuni ya unga, na mama akipita anatuuliza kama tunaosha gari au tunaoga. Nilikuwa naliona gari lile ndilo zuri kuliko yote duniani. Mtaani kwetu lilikuwa peke yake, kwa hiyo sikuwa na la kulilinganisha nalo.

Ukiingia mtaani kwetu, nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani yetu muuza vitumbua, mjane, mama wa mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa anafanya kazi Mapinga. Sisi tulimwita Bibi, ingawa hakuwa na udugu nasi. Vitumbua vyake, ndugu yangu, usinikumbushe. Mchele ameuloweka usiku, ameutwanga kwa mkono, tui zito, hiliki haina choyo. Ukiwa bado kitandani unasikia unga unapolia kwenye mafuta ya moto. Kabla ya kwenda chuoni kwa mwalimu wetu wa Kurani, tulipita kwake na bakuli, tunatoa shikamoo, naye anaitikia marahaba ndefu ya kuimba, na lazima akuongezee kimoja cha kulia njiani.

Basi pikapu ikaanza ugonjwa wake. Asubuhi inakwenda Makurunge bila tatizo. Jioni, tukikaribia nyumbani, inaanza kukohoa, inakosa nguvu, inarukaruka, halafu inazima. Inazima wapi? Pale panapoanza mchanga mzito, mbele ya nyumba ya Bibi. Baba anapiga stata, wapi! Tunakaa, tunafuta jasho, baada ya muda anapiga tena, inawaka kana kwamba haikuwa yenyewe. Kusema kweli kuna siku ilizima kabla ya nyumba ile, na kuna siku iliipita kidogo. Siku hizo hakuna aliyeziweka akilini.

Na Bibi, kwa wema wake, kila gari likizima alitoka. Analeta maji ya kunywa kwenye kata, anaegemeza bega lake lile jembamba nyuma ya bodi asukume na sisi, anasema, "Poleni wanangu, limewagomea tena? Na mzigo wote huu, maashallah!" Neno hilo moja, la kumtaja Mungu ili kitu kisidhurike, ndilo lililokuja kugeuzwa ushahidi.

Baba akamwita fundi kutoka mjini. Fundi akabadilisha plagi. Akafungua kabureta, akaisafisha, akaifunga. Akabadilisha pampu ya mafuta. Akapuliza bomba la petroli kwa mdomo mpaka akatema mate. Kila akimaliza anazunguka nalo mtaa mmoja, anarudi anatabasamu, gari zima. Jioni ya safari ya shamba, linazima kwa Bibi. Mara ya mwisho fundi alifunga boneti, akajifuta mikono, akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka: "Mzee, hii si ya spana. Hapa tafuteni mtu."

Unaona mambo? Mtu ameshindwa kazi yake, badala ya kusema nimeshindwa, amewatupia watu mtaa mzima wachague wa kumla.

Na walichagua haraka. Gari linazima kwa nani? Nani hutoka kila likizima? Nani analisifia? Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Mama akaanza kubeba ubani safarini. Gari likizima, anawasha chetezo, anakizungusha kwenye boneti, moto na petroli vimetenganishwa na bati tu, Mungu alitunusuru tusilipuke wote. Baba anasoma Kul-audhu zote mbili, zile sura za kujikinga na shari. Wakimaliza, anapiga stata, gari linawaka! Sasa nani utamwambia nini? Mimi silaumu dua, dua haina kosa. Nawalaumu waliosoma dua huku wanamtazama mwanamke aliyewashikia kata ya maji.

Hakuna aliyemwambia kitu usoni. Hapo ndipo watu wa pwani tunapojua kuumiza. Shikamoo iliendelea, marahaba iliendelea, za asubuhi, njema, za watoto, alhamdulillahi. Vitumbua ndivyo havikununuliwa. Mama akatuambia tunywe chai na mihogo, vitumbua vya siku hizi vina mafuta mengi. Jirani wa pili naye mwanawe ghafla akawa anaumwa tumbo na tui. Asubuhi ungemkuta Bibi amekaa nyuma ya sinia lililojaa, amelifunika kwa kawa, anafukuza nzi. Tukipita anatuita, "Njooni mchukue, bure, vitapoa." Tulikuwa tumekatazwa. Tunatoa shikamoo kwa mbali na kukaza mwendo.

Siku moja alikuja kwetu. Mama alikuwa anakuna nazi, mimi nachambua mchele. Akakaa kwenye mkeka, akavuta upindo wa kanga yake, akasema, "Mwanangu, kama nimewakosea, niambie. Mimi ni mtu mzima, naweza kuomba radhi." Mama hakuacha kukuna. Akamjibu, "Hapana Bibi, utukosee nini wewe? Hujatukosea kitu." Kisha akamwuliza kama atakunywa chai. Bibi akasema ameshakunywa, akaondoka. Haukupita muda mwanawe akaja kumchukua akakae naye Mapinga. Alitufuata mmoja mmoja kutuaga, na watu walimlilia, wallahi, walimlilia machozi kabisa.

Gari likaendelea kuzima. Watu wakasema ameacha kitu amekifukia mchangani.

Halafu ikaja harusi ya ndugu yetu Zinga. Tangi lilikuwa limejazwa jana yake, kwa hiyo hatukupita kituo cha mafuta. Tukapakia sufuria, mikeka na shangazi zangu, tukaondoka. Tulipokaribia Zinga, gari likakohoa, likarukaruka, likazima, na kule hakuna Bibi wala nyumba ya Bibi. Shangazi mmoja akasema, "Hee! Jicho lake limefika mpaka huku!" Hata leo sijui nicheke au nilie. Baba alishuka, akadhani labda petroli imevuja, akazungusha mfuniko wa tangi atazame. Tangi likavuta pumzi: fyuuu! Sote tulisikia. Akarudi kwenye usukani. Akapiga stata, likawaka pale pale, bila ubani na bila Kul-audhu.

Ni jambo dogo mpaka linaudhi. Mfuniko wa tangi una kitundu cha kupitisha hewa. Petroli ikitoka kwenda kwenye injini, hewa sharti iingie ishike nafasi yake. Kitundu chetu kilikuwa kimezibwa na vumbi na mafuta. Tangi likinyonywa mwendo mrefu bila hewa, petroli inagoma kutoka, na injini inakufa. Ukisubiri, hewa inajipenyeza taratibu, gari linawaka. Asubuhi tulikuwa tunafungua mfuniko mjini kujaza mafuta, tunafika Makurunge salama. Jioni tunarudi bila kusimama, na hewa inatuishia tukiwa tunaingia mtaani. Na fundi alilijaribu kwa kuzunguka mtaa mmoja! Baba alichokoa kitundu kile kwa sindano ya kushonea magunia. Halikuzima tena.

Mama, nimpe haki yake, alisema siku hiyo hiyo, "Twende Mapinga tukamwombe radhi." Baba akasema, "Tutakwenda, inshallah." Baada ya mavuno. Baada ya Idi. Mama akikumbusha, baba anajibu, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Yeye mwenyewe hajui alisemwa nini, tukimwambia si ndiyo tutamtonesha?" Hajui! Mtu ambaye sinia lake lilirudi ndani limejaa kila siku, hajui! Baba yangu alikuwa mtu mwema, alitulea kwa jasho, Mungu amrehemu. Lakini alikuwa anapita Mapinga kila akipeleka mananasi sokoni, na gari halikumzimia hata siku moja akapata sababu ya kusimama.

Leo ukienda pale mtaani huioni nyumba ya Bibi. Kuna ukuta wa tofali na geti jeusi, mwenyewe anaishi Dar, anakuja kwa nadra. Pikapu iliuzwa chuma chakavu. Vitumbua vinauzwa barabarani, vya unga wa dukani, vinakwama kooni, na watoto wangu wanaviona vitamu kwa kuwa hawajui vingine. Naweza kuyavumilia hayo yote. Nisiloweza kulivumilia ni siku ya msiba wake.

Habari ilikuja asubuhi. Baba akawasha pikapu, mtaa mzima ukapanda nyuma, wale wale, wakining'inia mpaka kwenye ngazi za bodi. Gari lilikwenda Mapinga bila kukohoa. Wanawake tukaingia ndani, wanaume wakakaa nje. Nilipata nafasi dirishani. Bibi alikuwa ameshakafiniwa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Walipotaka kumtoa, mwanawe akasimama mbele ya watu, kama ilivyo desturi, macho mekundu, akasema, "Ndugu zangu, mama yangu aliishi na nyinyi. Binadamu hakosi kukosea. Kama alimkosea yeyote kati yenu, kwa neno au kwa jicho, namwombea msamaha."

Alisema kwa jicho. Kumbe alijua. Kumbe na mama yake alijua.

"Tumemsamehe!" wakaitikia wanaume wote kwa pamoja, na sauti ya baba niliitambua katikati yao, nzito, haikusita.

Tumemsamehe! Sisi! Nikamgeukia mama nimwulize tumemsamehe kosa gani. Akanifinya mkono ninyamaze, jeneza likainuliwa, wakatoka naye.