Kiti cha Ottilie

Shemeji yangu Traugott Zeidler alikuwa mtoto wa fundi viatu, akasoma sheria kwa kula mkate mkavu, akaishia kuwa waziri mkuu wa Mtawala wa Hohenwerda. Watu husema ni bahati. Mimi nimemfulia mashati, najua ni ubishi.

Alianzia ukarani mahakamani. Akanyoosha kodi za misitu, akawapatanisha wachimba chumvi na mabwana zao, mpaka Mtawala mzee akawa hasaini kitu asichokisoma Traugott.

Lakini dada yangu Ottilie, mkewe, ni binti wa mwoka mikate. Ikulu, mke asiye wa ukoo mkubwa hakai meza ya Mtawala. Karamu ikiwepo, mume yuko chini kwenye mishumaa na nyama ya paa, mke yuko roshani nasi watu wa mjini, anatazama wenzake wakitafuna. Ottilie hakulalamika. Nililalamika mimi kwa niaba yake.

Mtawala mzee alipofariki, mwanawe aliyemrithi akataka kuoa binti wa mfalme jirani, na jirani hataki. Traugott akaenda kwenye theluji, akarudi na mkataba wa ndoa. Kijana akamuuliza anataka zawadi gani. Akaomba kiti cha mkewe. Kijana akacheka, akasema hawezi kuvunja taratibu za baba yake.

“Shemeji,” nikamwambia, “umeunganisha falme mbili, kiti kimoja kimekushinda?”

“Pumzisha mdomo, shemeji. Utaona.”

Siku ya harusi akapanda roshani na nishani zake zote kifuani, akajibana kati yetu kwenye benchi, akaniomba soseji. Chini, kando ya baba wa bibi harusi, kiti chake kitupu.

“Watakufukuza kazi,” Ottilie akamnong'oneza.

“Watafute mwingine wa kuwaandikia mikataba. Mke wangu yuko huku.”

Baba wa bibi harusi akauliza yuko wapi mtu aliyemshawishi. Watu wakanyoosha vidole juu. Mtawala kijana akawa mwekundu kama kabichi jekundu la siki. Haukupita muda mrefu, msimamizi wa ikulu akapanda akihema, akasema viti viwili viko tayari.

“Mwulize yeye,” Traugott akajibu, akimwonyesha mkewe.

Ottilie akakung'uta makombo. “Mkate wa meza ile anauoka baba yangu. Twende nikaule nimekaa pale pale.”

Wakashuka wameshikana mikono. Traugott aliendelea na uwaziri mpaka mvi zikamjaa, na kiti kile hakikuondolewa tena. Mimi hakuna aliyeniita. Nilibaki na soseji zote.