"Mashine haijambo?": Swali la kila Jumapili kwa mfua mablanketi wa Kihesa

Saa kumi na mbili asubuhi, Kihesa, mjini Iringa. Ukungu bado umelala juu ya mapaa, na Matilda Kikoti amekunja gauni hadi magotini, yumo ndani ya karo la saruji anakanyaga blanketi. Kwa mkono mmoja ameegemea ukuta. Kila baada ya muda anatoka, anasugua nyayo zake kwa kanga kavu, kisha anarudi majini.

Pembeni, chini ya kibanda cha bati, ipo mashine ya kufulia iliyofunikwa shuka la maua. Haijafua kitu tangu Julai.

"Kamwene, mwandishi," anasalimia bila kuacha kukanyaga. "Karibu. Ila usiikalie hiyo, ni mgonjwa."

Leo mgonjwa anakatiwa shauri. Fundi wake, Zabron, anakuja kuchukua jibu moja: mashine itengenezwe, au inunuliwe nyingine.

Matilda, mjane wa miaka 54, anaishi kwa kufua nguo za watu, na hasa mablanketi ya msibani. Mtaani kwao watu wakilala matanga, blanketi huazimwa nyumba kwa nyumba, maana baridi ya Iringa haijui kama umefiwa. Msiba ukiisha, ni aibu kumrudishia jirani blanketi lake likinuka moshi wa kuni. Ndipo yanapoletwa kwa Matilda, shilingi elfu tano kila moja. Mwezi ukiwa mzuri, alikuwa akibakiwa na kama laki tatu.

Mashine yenyewe ina historia. Kwa miaka mingi Matilda alifanya kazi za ndani kwa Vimla, ambaye mumewe, Vinubhai, alikuwa na duka la vitambaa mjini. Vinubhai alipofariki, Vimla aliamua kuhamia Dar es Salaam kwa mwanawe, Rahul. Kabla ya kuondoka alimwita Matilda, akamwambia achague: anunuliwe mashine mpya, ndogo, au aichukue ile kubwa ya nyumbani, ambayo tayari ilikuwa imekula chumvi nyingi.

"Nikamwambia, Mama Rahul, nipe hii hii, naijua," anakumbuka. "Nilikuwa niko jikoni napika, nasikia sauti yake tu, najua sasa inakamua, sasa inamwaga maji. Hiyo mpya ningeijulia wapi?"

Wala hakukosea. Kwa miaka saba mashine ile ilimwezekea nyumba, ikamsomesha binti yake, Blessing, uuguzi mpaka akapata kazi Mbeya. Na kila Jumapili, Matilda akishatoka ibadani, Vimla humpigia simu. Swali la kwanza halijawahi kubadilika: "Mashine haijambo?"

Mwezi Mei mwaka huu mashine ilianza kulalamika. Zabron alitoka kwenye kibanda chake cha Mlandege, akaizungusha pipa kwa mkono, akaweka sikio. Akasema beringi zimekwisha, aachiwe wiki moja tu azibadilishe.

Wiki moja Matilda akaiona kubwa. Baridi ilikuwa imeingia, mablanketi yamejaa hadi sebuleni. Akamwambia fundi arudi Juni. Juni akamwambia Julai. Kufikia hapo mashine ilikuwa inapiga kelele hadi watoto wa jirani wakawa wanaiiga kwenye michezo yao.

Julai, jirani yake Anania alifiwa na mkewe. Matanga yalipokwisha, alileta mablanketi ya watu akiwa na macho mekundu, akasema hakuna haraka.

"Alinitamkia mwenyewe, 'Mama Blessing, hata wiki ijayo,'" anasema Matilda. "Mimi nikaona haya. Mtu kafiwa, mimi nimcheleweshee blanketi za watu? Nikamwambia kesho zitakuwa tayari. Nilikuwa naweka mojamoja, siku ile nikaweka tatu, zimelowa. Ikalia mara moja kama mtu, ikanyamaza."

Chuma kinachoshika pipa kwa nyuma kilikuwa kimekatika.

"Na usinitajie habari za ufa na ukuta," ananionya. "Mtaa mzima umeshanitajia. Sijutii kuichagua ile mashine. Najutia ile wiki moja tu."

Zabron hakukata tamaa. Aliulizia kwa mafundi wenzake hadi akampata Kasian, wa Mwanjelwa, Mbeya, mwenye mashine mfu ya aina ile ile. Chuma pamoja na ufundi ni shilingi 280,000, na Zabron hakuficha kwamba hatoi dhamana. Mpya ndogo, ile ya plastiki yenye mapipa mawili, ni 420,000, lakini blanketi haliingii humo. Akiba yote ya Matilda ni 430,000.

Blessing alikwenda mwenyewe Mwanjelwa kukiona chuma. Kilikuwa kimeliwa na kutu. Akampigia mama yake, akamwambia, "Mama, hiyo ni ya kuzika."

Hata hivyo Matilda alikuwa ameshaamua moyoni kutengeneza. Ninapomuuliza kwa nini, anainama, anakamua pindo la blanketi kwa muda mrefu kuliko linavyohitaji.

"Ningemwambia nini Mama Rahul? Tangu Julai kila Jumapili ananiuliza, nami namjibu haijambo. Natoka kanisani, hata kitambaa sijavua kichwani, nasema uongo."

Jumapili iliyopita uongo ulimshinda. Vimla aliuliza kama kawaida, na Matilda akamweleza yote: beringi, ile wiki moja, mablanketi matatu.  Kisha mama wa watu akacheka kidogo.

"Akaniambia, 'Matilda, ulikuwa nayo bado? Mimi huku nimeshabadilisha mbili.' Nikashangaa. Nikamuuliza, sasa mbona kila siku unaniulizia? Akasema, 'Mimi iko taka kusikia Iringa tu. Sasa nianze kuuliza nani amekufa?'"

Matilda anaketi kwenye ukingo wa karo. Miguu yake imekunjamana kwa maji na baridi.

"Nilikuwa tayari kutoa zaidi ya nusu ya hela yangu nisimwambie ukweli. Na mwenyewe wala hakuwa anauliza mashine."

Pikipiki ya mizigo, ya matairi matatu, inasimama nje. Ni Zabron na mkoba wake wa spana. Anasalimia, anaivua mashine shuka, anamtazama Matilda.

"Umeamuaje, mama?"

"Ichukue."

Fundi anatikisa kichwa taratibu. Ataitoa vipuri, na kwa vile vilivyobaki vizima atampa elfu sitini. "Mama, ile Mei ningekaza kidogo," anasema. "Ningeifungua tu, hata kama hutaki."

"Ungeifungua ningekufukuza, Zabron. Tunajuana."

Wanacheka wote wawili. Kabla haijabebwa, Matilda anaomba kitu kimoja: kile kioo kinene cha mlangoni. Zabron anafungua skrubu, anamkabidhi.

Mpango wake ni kununua ile ndogo kwa ajili ya nguo nyepesi, na mablanketi aendelee kuyakanyaga kwa miguu mpaka apate fedha ya mashine kubwa. "Na safari hii ikikohoa tu, nasimama," anasema. "Hata awe amefiwa mchungaji."

Anakiosha kioo bombani. Kimekuwa bakuli zuri, zito. Anamimina maharage ya mchana, anajaza maji.

"Jumapili akiniuliza mashine haijambo, nitamjibu haijambo, imelowekewa maharage. Sitakuwa nimedanganya."

Anaangalia pale kwenye kibanda cha bati, palipobaki alama nne za miguu ya mashine kwenye saruji.

"Ila sijui kama atauliza tena."