Taya la Mbuzi wa Uji

Siku dada yangu alipojifungua mtoto wa kiume, nyumba nzima ililia kwa furaha. Mie nililia kwa sababu ya mbuzi.

Dada alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Ya tatu ilipoanza kuonekana akaweka nadhiri mbele ya bibi: mtoto akizaliwa salama, wale mbuzi wetu wawili, madume mapacha, ndio watakaochinjwa kuwa akika yake. Si mbuzi wengine, wale wale. Kisha akanigeukia mie. "Wewe ndiye mtunzaji. Ukiniharibia, tutaonana." Nikamwambia alale usingizi, nitawalea kama maharusi.

Mmoja nilimlea kama bwana harusi kweli, na balaa lote likaanzia hapo.

Tangu wamezaliwa, mama yao alikuwa na chuchu moja nzima, nyingine imeziba. Pacha wa kwanza akaing'ang'ania. Wa pili nikamnywesha mie kwa chupa. Kutoka chupa akaingia kwenye uji, kutoka uji akaingia kwenye muhogo wa kuchemsha, tena nimeuponda kwa mwiko mpaka hauna uzi. Mwenzake alikuwa kondeni, kafungwa chini ya mfenesi, anatafuna majani, maganda ya mti, mpaka kamba yenyewe aliyofungiwa. Huyu wangu alikaa mlango wa jikoni akingoja sahani. Watu wa kijiji chetu cha Wambaa wakipita wananitania, "We mtoto, huyo mbuzi au mgonjwa?" Nami nawajibu, "Mgonjwa wenu nyie anapata uji wa maziwa?"

Dada alipoweka nadhiri ndio nikazidisha. Niliona mbuzi wa nadhiri hawezi kutafuna maganda ya mti kama mbuzi wa mtu yeyote tu.

Basi asubuhi ile, mtoto hajafika saa tatu duniani, bibi akaniamuru niwaoshe wote wawili niwafunge uani. Ndio mara ya kwanza walisimama pamoja tangu wakue. Bibi akaja na tambuu lake mdomoni, akawatazama, akaacha kutafuna.

"Hawa si mapacha?"

"Mapacha, bibi."

"Mbona mmoja ana kichwa cha beberu na mwengine uso wa panya?"

Nikatazama, na mie nikaona. Yule wa kondeni mashavu yamejaa, taya nene, paji pana. Wangu uso mwembamba, mashavu bapa, na taya la chini limerudi nyuma kama lina haya. Mwili alinona, lakini kichwa utadhani kaazima.

Bibi akateremsha sauti. "Akika haitaki mnyama mwenye ila, mwenye kasoro. Shehe akimkataa, nadhiri ya dada yako itakwenda wapi? Na asisikie, maziwa yatamkauka."

Akika ni siku ya saba. Siku saba hizo sikukaa. Nikikaa nainuka, nikiinuka nakwenda uani, nikifika uani namtazama mbuzi, naye ananitazama kama ananiuliza uji uko wapi. Siku ya pili nikampanua mdomo, nikaona kitu kikanitoa mbio. Bwana mifugo alikuwa kaja kijijini kuchanja ng'ombe. Nikamfikia sina pumzi.

"Hana meno ya juu! Yametoka kwa uji!"

Bwana mifugo akacheka mpaka akaweka bomba la sindano chini. "Mwanangu, hakuna mbuzi mwenye meno ya mbele ya juu. Ana ufizi tu."

Nikarudi nikampanua yule wa kondeni. Hana. Nikamfuata tena bwana mifugo, nikamwambia, "Miaka yote ya skuli nimeimbishwa majina ya mito, hili la maana hawakunifundisha."

Alipokuja kumwangalia mbuzi wangu hakucheka. Alimpapasa mashavu, halafu akaniambia, "Weka vidole hapa kwenye panja zako. Uma meno." Nikauma. Kikatuna kitu chini ya vidole. "Sasa shika pembe ya taya, hapa chini ya sikio, uma tena." Pakatuna pia.

"Huo msuli," akasema, "umeushika mfupa. Kila ukitafuna kigumu unauvuta. Mfupa wa mtoto ukivutwa kila siku hujijenga, hunenepa pale pale unapovutwa. Huyu wako hajavuta kitu tangu azaliwe. Msuli umekaa bure, na mfupa nao haukuona sababu ya kukua."

Nikamtazama bibi, pale kizingitini na tambuu lake. Miaka nenda rudi anatafunia upande wa kulia, na shavu la kulia limetuna kuliko la kushoto.

"Unanitazama nini?" akauliza.

"Nasoma, bibi."

Nikamuuliza bwana mifugo, "Nikimlisha majani siku hizi tano zilizobaki?"

"Msuli utapata nguvu kidogo. Mfupa, sahau. Umeshakomaa."

Nikamkatia uji hata hivyo. Alilia kama kafiwa. Nikamletea majani ya mfenesi, akayanusa akageuka jikoni. Nikatafuna mie mbele yake, jani zima, nimtie moyo. Lina utomvu unaonata, usijaribu. Yeye anachukua moja, analizungusha mdomoni, nusu linaanguka. Ndani nasikia dada anambembeleza mtoto, anacheka peke yake, na kila akicheka namsukumia mbuzi jani jingine.

Siku ya saba bibi akaja na koja la asumini. "Mvalishe, limfunike mashavu. Macho ya shehe siku hizi si yale." Nikamvalisha. Aibu naijua lakini sikuwa na njia.

Shehe akaja, tukaamkiana, akaenda uani. Akamshika yule wa kondeni, akaridhika. Akamgeukia wangu, mkono ukaenda kwenye koja. Nikashindwa kunyamaza.

"Shehe, huyo ana taya dogo. Nimemlea kwa uji, mie ndiye niliyemharibu."

Kutoka dirishani sauti ya dada: "Uji gani?"

Shehe akampapasa mbuzi taya taratibu. "Anatafuna mwenyewe?"

Nikampa mbuzi jani la mfenesi. Akalinusa, akatazama jikoni. Pale pale pacha wake akanyoosha shingo, akalinyakua koja, akavuta. Na yule mbuzi wangu, mzembe wa siku zote, labda kwa wivu, labda kwa njaa ya siku tano, akakamata upande wa pili. Wakavutana. Koja likakatika, naye akatafuna kipande chake pamoja na uzi, taya linakwenda kulia, linarudi kushoto, mpaka akameza.

Shehe akatazama maua yaliyobaki mchangani. "Hili koja la nini?"

"La heshima," bibi akajibu haraka.

"Ila inayokatazwa ni kilema kinachomdhoofisha mnyama," shehe akasema. "Huyu kanona, na anatafuna. Uso wake ni uso tu. Leteni kisu."

Nyama ya akika mifupa haivunjwi. Hukatwa kwenye viungo, kisha mifupa huzikwa, ili mtoto naye awe mzima wa viungo. Kazi ya kuzika nikaiomba mie. Nikashika taya moja kila mkono. La kondeni zito, pembe yake pana, ina mikwaruzo pale msuli uliposhika. La pili jepesi, laini kama kijiko cha mbao. Nikaliosha mara mbili, nikalilaza juu ya la mwenzake, nikafukia.

Dada alikuwa akinitazama dirishani. Akaniita ndani, akanipa mtoto. Nikajua nimesamehewa, au ameahirisha. Mtoto akakipata kidole changu, akakibana kwa ufizi wake mtupu, kakaza kweli.

"Dada," nikasema, "huyu akianza kula, muhogo wake haupondwi na mie."

"Wewe," akasema, "hata jikoni huingii."